Mbona zinki ya boti yangu hailiki?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninamiliki boti ya chuma inayobeba mizigo kutoka Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka jana ndugu yangu wa Dar es Salaam alinishauri nifunge vipande vya zinki chini ya boti ili viliwe badala ya chuma. Nilipoipandisha nchi kavu nilikuta zinki ni nzima, imevaa utando mweupe tu, ilhali chuma karibu na rafadha (pangaboi linalosukuma boti) kimeanza kuchimbika. Je, niliuziwa zinki bandia? Na je, ninunue ile rangi ya shaba inayopakwa meli za baharini?

JIBU: Ndugu msomaji, sina sababu ya kumshuku muuzaji wako. Shida ni kwamba dawa ya bahari imeletwa ziwani. Zinki hulinda chuma kwa kuyeyuka yenyewe na kutoa mkondo mdogo wa umeme unaopita majini. Baharini, penye takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, mkondo huo husafiri vizuri; maji ya Ziwa Tanganyika hayafikii hata gramu moja kwa lita, tena yana hali ya magadi, na humo zinki hujivika utando ule mweupe uliouona, kisha ikawa kama imelala.

Funga vipande vya magnesiamu, ambayo nguvu yake ya kusukuma umeme ni kubwa zaidi. Vyuma vya kuvishikilia vilehemiwe kwenye bodi lililokwanguliwa hadi chuma kitupu, na vipande vyenyewe visipakwe rangi kamwe (nimewahi kuona fundi mwangalifu akivipaka ili vipendeze!). Vingine viwe karibu na rafadha, kwa sababu ikiwa rafadha yako ni ya shaba, chuma kinachoizunguka ndicho kinacholiwa kwa ajili yake. Kipande kilicholika hadi nusu kibadilishwe. Mwenye boti ya alumini asifuate ushauri huu, kwani magnesiamu ikizidi huweza kuidhuru alumini yenyewe.

Rangi ya shaba huna haja nayo. Shaba hufukuza viumbe wanaoota chini ya meli kwa sababu huyeyuka polepole majini. Hilo lilidhihirika mwaka 1824, mwanakemia Humphry Davy wa Uingereza alipofunga vipande vya chuma na vya zinki kwenye mabati ya shaba yaliyofunika meli za mbao: shaba iliacha kulika kweli, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, magamba na majani yakajaa chini ya meli, nazo zikawa nzito kwenda. Magamba yale magumu yanayong'ang'ania meli ni ya baharini. Ziwani kwenu utapata zaidi utelezi wa mwani, unaotoka kwa brashi. Zaidi ya hayo, shaba ikigusa chuma kitupu hukila, kama ifanyavyo rafadha. Fedha hiyo nunulia rangi ya epoksi, uipake mara mbili au tatu juu ya chuma kilichosafishwa kutu yote na kukauka, ukiacha kila tabaka likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.