Msipange bikoni kwa pembe

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina faili la CSV lenye viwanja 48 vya mradi mmoja wa Kigamboni: namba ya kiwanja, kisha E na N, yaani mita za kuelekea mashariki na kaskazini, za kila bikoni, ile alama ya kona ya mpaka. Nilipochora kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya michoro, mistari iliruka kutoka kiwanja hadi kiwanja, mchoro wote ukawa utando wa buibui. Nikatenganisha kwa namba ya kiwanja, lakini ndani ya viwanja vingi mistari bado ilikatana (faili nilikuwa nimelipanga kwa safu ya E ili lisomeke vizuri). Rafiki akanipa msimbo mfupi unaopanga pointi kwa pembe kuzunguka katikati ya kiwanja. Sasa vyote vimenyooka, ila vitatu vinne umbo lake silielewi. Nirekebishe wapi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu yangu, tatizo lako liko kwenye yale maneno uliyoyaweka ndani ya mabano. Mpima alianza bikoni ya kwanza, akaenda ya pili, ya tatu, mpaka akarudi alikoanzia. Mfuatano huo haukuandikwa kwenye safu yoyote ya faili lako. Ulitunzwa na mpangilio wa mistari ya data ndani ya faili peke yake. Ulipopanga kwa E, ukaufuta.

Kutenganisha kwa namba ya kiwanja ulifanya sawasawa. groupby ya pandas, maktaba ya Python ya majedwali, haivurugi mistari ya data ndani ya kundi, inaiacha kama ilivyokuwa kwenye faili. Ukishapata faili la awali, geuza kila kundi kuwa mfululizo wa jozi za E na N, zitie zote kwenye orodha moja, uipe PolyCollection, chombo cha Matplotlib cha kuchora maumbo mengi pamoja, uiongeze kwenye mchoro kwa add_collection, halafu ita autoscale_view na set_aspect('equal'). Viwanja vyote 48 vitatoka kwa mkupuo mmoja bila mstari kuvukia kwa jirani. Hilo ni la dakika kumi.

Kinachoniuma ni huo msimbo wa rafiki yako. Nauona kila mara. Vijana wanarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp kama dawa ya kila ugonjwa, na kila anayeupokea anaamini jambo moja lisilo kweli: kwamba ukishakuwa na bikoni zote, kompyuta itajua umbo. Haijui, wala haiwezi kujua. Bikoni zilezile sita zinaweza kuzaa viwanja kadhaa tofauti, na kilicho halali ni kile tu alichokizunguka mpima.

Chukua karatasi uchore kiwanja cha umbo la L chenye kona hizi, kwa mita: (0,0), (40,0), (40,10), (10,10), (10,30), (0,30). Eneo lake ni mita za mraba 600. Sasa zipange kona hizo kwa pembe kuzunguka wastani wake. Kona ya (10,10), ile inayoingia ndani, itahamia kati ya (0,30) na (0,0), upande wa pili kabisa wa kiwanja. Mstari mpya utakata kutoka (40,10) moja kwa moja hadi (10,30), na eneo litasoma 750. Mita za mraba 150 zimezaliwa mezani: umechukua 300 za jirani na kupoteza 150 zako. Wengine hutumia njia ya kuzungushia kamba bikoni za nje tu. Kwa kiwanja hichohicho watapata 900.

Ubaya zaidi, umbo hilo la 750 ni safi. Hakuna mstari unaokata mwingine. Ukiliuliza kwa is_valid ya Shapely, maktaba ya Python ya maumbo, litajibu True, maana chombo hicho kinapima kama poligoni, yaani umbo lililofungwa kwa mistari, inakubalika kijiometria, hakipimi kama ni kiwanja chako. Utando wa buibui ulikuwa unakuambia ukweli kwamba data imeharibika. Msimbo ule umeunyamazisha. Hivyo vitatu vinne usivyovielewa ni vile vyenye kona zinazoingia ndani, na Dar es Salaam viko tele: kilichomegwa kupisha barabara, kilichozunguka makaburi, kinachofuata ukingo wa bonde.

Tabia hii ya kulazimisha mchoro upendeze haiishii hapo. Kuna wanaoweka viwanja juu ya picha ya setilaiti, wakikuta vimeachana na barabara, wanavikamata kwa mausi na kuviburuta mpaka vilingane. Jamani! Vipimo vingi vya zamani nchini viko kwenye mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, picha za setilaiti kwa kawaida ziko kwenye mwingine, WGS 84, na kwa huku kwetu tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takriban mita 300. Ukanda wa ramani wa Dar ni UTM 37 Kusini; namba zake za utambulisho, EPSG, ni 21037 kwa Arc 1960, 32737 kwa WGS 84. Muulize mpima alitumia upi, kisha badilisha kwa pyproj, maktaba ya Python ya kugeuza mifumo hiyo. Anayeburuta amehamisha mipaka ya watu kwa kukadiria kwa jicho, na mchoro wake dalali ataupeleka kwa mnunuzi kesho asubuhi.

Na siku ukihamia OpenGL, yaani kuchora kwa kadi ya picha, chagua kwanza pointi moja ya kuanzia, kisha toa E yake kwenye E zote na N yake kwenye N zote. N za Dar zinazunguka 9,247,000, na namba ya desimali ya biti 32 ikishavuka 8,388,608 haina tena nafasi ya sehemu za mita. Bikoni zako zitarukia mita kamili, na utaanza kuilaumu kadi ya picha bure.

Kwa kazi yako: futa msimbo wa pembe. Omba faili la awali kwa mpima, na kabla hujaligusa ongeza safu ya mfuatano, 1, 2, 3, kwa kila kiwanja. Piga hesabu ya eneo la kila poligoni, ulilinganishe na eneo lililoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Viwanja 48 ni kazi ya kitanzi (loop) kimoja cha msimbo. Kisichokubaliana mrudishie mpima, usikirekebishe wewe. Na kama ule mchoro ulionyooka umeshautuma kwa mwenye mradi, mpigie simu leo umwambie asiutumie.