Neno "get" kwa Kihispania: kwa nyie mnaoanza kutafsiri itinerari za wageni

Wadau mnaoanza kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, hasa nyie wa Arusha na Moshi mnaorushiwa itinerari, yaani ratiba za safari, na ofisi saa kumi jioni halafu mnaambiwa kesho asubuhi iwe tayari, leo naongelea neno moja tu: get. Siyo geti la Machame la kupandia Kilimanjaro jamani, hili get la Kiingereza linaloonekana dogo kumbe limejaa kila aya na kila mahali linafanya kazi nyingine.

Cha kwanza, ondoeni kichwani ile hesabu ya get ni kupata na kupata ni conseguir. Conseguir ni kupata kitu ulichokihangaikia. Ukimwandikia mgeni kwamba kila asubuhi "va a conseguir una botella de agua" ataanza kujiuliza hayo maji atayatafutia wapi, wakati ofisi ilimaanisha atapewa. Andika "le damos una botella de agua" na maisha yaendelee. Viza nayo mara nyingi wanasema "sacar", yaani kutoa, na mtu wa Uhispania ataiita visado wakati Mmexico anaiita visa.

Sasa mbinu ninayoitumia mimi. Kabla hujagusa Kihispania, jiulize hiyo sentensi ungemwambiaje mpagazi kwa Kiswahili. Get tired ni kuchoka, neno moja, na Kihispania nacho neno moja, cansarse. Kulowa ni mojarse, kupotea ni perderse, kuzeeka ni envejecer, kukasirika ni enojarse kwa Wamexico na enfadarse kwa wa Uhispania. Giza likiingia wao wana kitenzi kizima, anochecer, kama sisi tulivyo na kuchwa, na kupambazuka ni amanecer. Hata ile ya mtu kuibiwa, Kiingereza kinasema he got robbed, sisi tunasema wamemwibia bila kujua ni nani, na wao hivyo hivyo, "le robaron". Kwa hiyo ukipitia Kiswahili njiani unafika haraka kuliko aliyeng'ang'ania Kiingereza, na hii wenzetu waliosomea lugha kwa Kiingereza tu huwa hawaioni.

Magonjwa ndo matamu zaidi. Sisi tunasema homa imemshika, usingizi umemshika, ugonjwa ndo unamfanyia mtu kitu. Wao wanatumia dar, yaani kupa, "me dio sueño", usingizi umenishika. Basi ile tahadhari ya wapanda mlima kwamba unaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko inakuwa "le puede dar mal de altura", na wageni wa Peru na Bolivia wao wanauita soroche. Ila Kiswahili hakisaidii kila mahali, sisi tunapata ajali na tunapata mtoto, wao wanasema tener, kuwa nacho, "tuvo un accidente", "tuvo un hijo".

Panapowasumbua wengi ni get ya kuwa, pale mtu anabadilika hali. Hapa kuna vitenzi kadhaa na havibadilishani hovyo. Ponerse ni hali ya kupita: ponerse nervioso, mtu kaingiwa na wasiwasi kabla ya kupanda, baadaye yatapita. Quedarse ni hali anayobaki nayo baada ya tukio, "se quedó ciego", kapofuka, au simu imekwisha chaji, "me quedé sin batería". Volverse ni mtu kugeuka, kama volverse loco, kuwa chizi. Hacerse mara nyingi ni kwa juhudi zako au kwa muda, hacerse rico, hacerse abogado. Msikariri kama jedwali, mtachanganyikiwa, someni sentensi za watu halisi mpaka sikio lizoee. Na tafadhali sana, get embarrassed siyo embarazada, embarazada ni mjamzito! Mzee wa watu kaona aibu kwa kuanguka kwenye matope unamwandika ana mimba. Aibu ni "le dio vergüenza", tumerudi kwenye dar.

Halafu kuna coger. Uhispania wanalitumia kutwa nzima, wana-coger basi, teksi, begi. Ukilipeleka Mexico au Argentina ni tusi la kitandani. Itinerari ya wageni mchanganyiko weka tomar, na kumchukua mgeni uwanja wa ndege wa KIA ni recoger, hilo halina shida kokote.

Tuangalie mfano mmoja wa usiku wa kileleni, sentensi za namna hii mtazikuta sana: "We get up at 11 pm, get some tea, get going around midnight and get to Uhuru Peak at sunrise. If you get cold, tell your guide." Get tano. Mimi naandika: "Nos levantamos a las 11 de la noche, tomamos un té, salimos hacia la medianoche y llegamos al pico Uhuru al amanecer. Si le da frío, avise a su guía." Kuamka, kunywa, kuondoka, kufika, kushikwa na baridi. Hakuna conseguir hata moja. Ukitaka kuandika kwamba mgeni amefanikiwa kufika hizo mita 5,895, wapanda mlima wenyewe wanasema "hacer cumbre", na ukilitumia watakuona ni mwenzao.

Ukikwama fungua kamusi ya mtandaoni ya WordReference usome mpaka chini kwenye mifano, usiishie jibu la kwanza, kisha hakikisha kwenye kamusi ya Real Academia Española, ipo bure mtandaoni. Na mgeni akikutumia ujumbe WhatsApp ukataka kumjibu got it, andika "entendido", popote linaeleweka. "Vale" waachie wa Uhispania.