Tiba ya mwanga kwenye kipandikizi cha jino chenye usaha: kwa daktari anayeanza

Anayeanza huwa na haraka ya kushika leza. Leza ni kazi ya dakika moja. Nusu saa iliyoitangulia ndiyo inayoamua kama dakika hiyo itafaa kitu. Rangi inayowekwa kati ya fizi na kipandikizi ikipigwa mwanga huzalisha oksijeni kali inayoua bakteria, lakini oksijeni hiyo hudumu mikrosekunde chache tu, na haifiki mbali na pale ilipozaliwa. Ugaga, au saruji iliyobaki chini ya taji, haviyeyushwi na mwanga wowote.

Jua kwanza unatibu nini. Pima sehemu sita kuzunguka kipandikizi kwa mkono mwepesi, nguvu ya kama nyutoni 0.2 (N). Fizi ikitoa damu na mfupa upo palepale, ni uvimbe wa fizi tu. Huna eksirei ya zamani ya kulinganisha? Vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2017 vya kutambua kwamba ugonjwa umefika kwenye mfupa ni damu au usaha, mfuko wa fizi (nafasi kati ya fizi na kipandikizi) wenye kina cha mm 6 au zaidi, na mfupa ulioshuka mm 3 au zaidi. Kipandikizi kikicheza, hakikisha si skrubu ya taji iliyolegea. Kama ni chenyewe, kinatolewa, hakitibiwi.

Taji la skrubu lifungue, la sivyo ncha ya leza itaingia kimshazari na upande mmoja utabaki gizani. Kwangua kwa kureti (kijiko cha kukwangulia) ya titani au ncha ya plastiki ya altrasoniki. Chuma cha kawaida huchubua titani, na utando wa bakteria hupenda mikwaruzo. Suuza kwa selaini (maji ya chumvi ya hospitali), kisha kandamiza shashi mpaka damu itulie. Wengi huharibu hapa: damu hunyonya mwanga, na protini zake hung'ang'ania rangi kabla bakteria hawajaipata.

Rangi iingie kwa sindano butu yenye tundu ubavuni. Fikisha ncha chini ya mfuko wa fizi, sukuma huku ukivuta juu polepole, hadi rangi ichungulie ukingoni. Ukianzia juu, hewa hunaswa chini, mahali hasa palipo na bakteria wengi. Subiri muda ulioandikwa kwenye dawa, kwa kawaida dakika 1 hadi 5, halafu suuza na unyonye ziada. Mgeni huona ni kumwaga dawa ya bei. Hapana: rangi nzito iliyojaa mfukoni ni pazia, mwanga unaishia juu yake. Ubuluu hafifu unaobaki unatosha.

Rangi na mwanga vioane: methilini bluu na nanomita 660 hivi, toluidini bluu na 630 hivi, indosianini kijani na 810. Taa ya buluu ya kugandishia ujazo haifai kwa methilini bluu, hata uiwashe saa nzima. Piga hesabu: leza ya milliwati 100, sekunde 10 kwa kila sehemu, sehemu sita, ni joule 6. Nyuzi ya mwanga ikiwa chafu hupati hizo, kwa hiyo pima nguvu inayotoka kabla mgonjwa hajakaa. Miwani ya kinga iwe ya urefu huohuo wa wimbi, kwa watu wote chumbani, mgonjwa akiwamo. Miwani ya jua si kinga.

Muulize pia mgonjwa kuhusu porfiria (ugonjwa unaoweza kuufanya mwili udhurike na mwanga) na dawa za sonona. Kwenye maeneo ya malaria, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, si nadra, na methilini bluu ikiingia mwilini kwa wingi huvunja chembe nyekundu za damu. Mfukoni yanakwenda matone tu. Hata hivyo uliza, na msaidizi anayenyonya mate kwa bomba asilale.

Usimwahidi kwamba mwanga umechukua nafasi ya kisu. Tafiti zimetofautiana, na nyingine hazikuona faida kubwa kuliko kukwangua peke yake. Mpime tena baada ya wiki 6 hadi 12. Kina kisizidi mm 5, usaha usiwepo, damu isitoke zaidi ya sehemu moja. Bado kuna mm 7 na usaha? Usirudie leza mara ya nne: mpeleke kwa mpasuaji, pamoja na eksirei zote ulizonazo na vipimo vya sehemu zote sita.