Kaye ya utabiri: namna ya kuhesabu vifo vya bitcoin bila kujidanganya

Wiki hii msomaji wa Katindo, hapa Goma, ametuma orodha ndefu ya watu waliotabiri kwamba bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, itakufa, na chini yake swali moja: "Basi si niweke yote?" Yaani kwa kuwa waliizika na bado ipo, aweke humo pesa zake zote. Hapana. Karibu kila orodha ya namna hiyo inayozunguka kwenye simu zetu imetengenezwa vibaya. Utabiri uandikwe kama muuza duka anavyoandika deni: nani, lini, kiasi gani, na mwisho wake lini.

Chukua kaye au faili ya Excel. Kila mstari uwe na tarehe ya kauli, maneno yenyewe katika lugha yaliyosemwa, bei ya siku hiyo, sababu aliyoitoa msemaji, maana ya "kufa", na siku ya mwisho. Bei iwe ya kufunga siku kwa saa ya kimataifa (UTC), yaani saa 8 usiku kwetu Goma, Bukavu na Lubumbashi, na itoke chanzo kilekile kila mara, kwa sababu masoko ya mtandaoni hayalingani. Anwani ya makala ibandike kwenye web.archive.org/save, tovuti inayotunza nakala za kurasa, siku hiyohiyo. Vichwa vya habari hubadilishwa kimyakimya, na picha ya skrini peke yake haimtoshi mbishi.

Penye kazi ni kwenye maana ya kufa. Mwaka 2011 bitcoin ilishuka kutoka karibu dola 30 hadi karibu 2. Desemba 2017 ilikaribia 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 3,200, yaani imepoteza asilimia 84 hivi. Kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022 ilitoka 69,000 ikaenda chini ya 16,000, asilimia 77. Ukisema kufa ni kushuka asilimia 80, imekwisha kufa na kufufuka zaidi ya mara moja. Ukisema 95 kwa bei ya kufunga siku, tangu 2011 haijafa. Mimi naweka 95, tena ikae humo chini siku 365 mfululizo. Kigezo kiandikwe kabla hujamsoma mtabiri, la sivyo utakivuta upande unaokupendeza.

Halafu tarehe. Septemba 2017 Jamie Dimon, mkuu wa benki ya JPMorgan, aliita bitcoin ulaghai, akasema haitaishia vizuri. Bei ilikuwa juu kidogo ya dola 4,000. Orodha nyingi zinamhesabu kati ya walioshindwa. Kwangu ameandikwa "haina tarehe", pamoja na mwekezaji Warren Buffett wa Januari 2018, ambaye alisema wazi kwamba hajui itatokea lini. Aliyemcheka Buffett 2021 angemwamkia kwa heshima Desemba 2018. Kenneth Rogoff, mchumi wa Harvard, ndiye anayefaa kaye. Machi 2018 alisema baada ya miaka 10 dola 100 inaelekea zaidi kuwa bei yake kuliko dola 100,000. Bei ilivuka 100,000 Desemba 2024, na 2025 mwenyewe alieleza hadharani mambo ambayo hakuyaona. Hata hivyo mstari wake unafungwa Machi 2028, si kabla.

Safu ya sababu wengi huiruka, na ndiyo inayofundisha. Januari 2016 Mike Hearn, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa programu ya bitcoin, alitangaza kwamba jaribio limeshindwa kwa sababu vitalu, yaani kurasa ambamo miamala huandikwa, vimejaa. Hitimisho lilianguka, lakini nafasi kwenye vitalu ilibana kweli: Desemba 2017 ada ya wastani ya muamala mmoja ilipita dola 50. Andika: sababu ndiyo, kifo hapana.

Wengine walitabiri mzunguko wa kifo: bei inashuka, wachimbaji (wenye kompyuta zinazotengeneza vitalu na kulipwa bitcoin) wanazima mashine, vitalu vinachelewa, watu wanakimbia. Walisahau kwamba ugumu wa kuchimba unajirekebisha kila vitalu 2,016, karibu wiki 2. China ilipowafukuza wachimbaji 2021, mwezi wa Julai ugumu ulishuka karibu asilimia 28 kwa mara moja, na waliobaki wakapata zaidi. Wanaobaki ni wenye umeme nafuu. Mfano uko jirani: mashine za kuchimba ambazo Hifadhi ya Virunga iliziweka kijijini Luviro mwaka 2020.

Sasa turudi kwa yule anayetaka kuweka yote. Kila sarafu iwe na ukurasa wake. Walioonya kuhusu OneCoin, sarafu ya utapeli, walikuwa sahihi, na walioonya kuhusu BitConnect, nyingine ya namna hiyo, pia. BitConnect ilifunga Januari 2018. Sarafu ya Terra iliporomoka Mei 2022. Anayekuletea sarafu mpya kwa hoja kwamba "hata bitcoin waliizika" anakuazima ukurasa usio wake. Mwambie akuonyeshe wake. Na weka ukurasa wa watabiri wa utajiri: John McAfee, yule wa programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, aliahidi kwamba bitcoin moja itafika dola milioni 1 kufikia mwisho wa 2020, na mwaka huo uliisha bei ikiwa chini ya 30,000.

Kwa USDT na wenzake, sarafu zinazokusudiwa kubaki kwenye dola 1, kigezo cha asilimia 95 hakifai. Andika: chini ya senti 97 kwa siku 7 mfululizo. Bila hizo siku 7 ungeizika USDC, mwenzake mmoja, Machi 2023, iliposhuka chini ya senti 90 kwa sababu ya fedha zake za akiba zilizokwama Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyoanguka, kisha ikarudi kwenye dola ndani ya siku chache.