Si mimea yote hufunga vitundu vya majani usiku

Wengi hudhani mimea yote hufunga vitundu hivyo usiku. Hapana, mkonge na nanasi hufanya kinyume. Mahindi na maharage hufungua stomata (ndivyo vitundu hivyo) mchana na kuzifunga giza likiingia, ila hawa wawili hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, ili wasipoteze maji mengi. Kabonidioksaidi inayoingia usiku huwekwa akiba ndani ya jani kama asidi. Jua likitoka vitundu hufungwa, akiba ile inatumika kutengeneza sukari. Ndiyo maana mkonge unastahimili jua la Tanga.

Kila kitundu kina seli linzi mbili. Zikijaa maji hupinda na kuachana katikati, hewa inapita; zikinywea, mlango unafungwa. Hakuna misuli pale, ni maji tu.

Ushahidi wa zamani wa asidi hiyo: mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India mwanzoni mwa karne ya 19, alitafuna jani la mmea wa kundi hilihili. Asubuhi lilikuwa chachu, mchana halina ladha.

Ila nanasi likimwagiliwa vizuri hufungua kidogo hata jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo usiseme "usiku tu".