Bilioni nne na ushee, na jaji wa Toulouse

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni namba ipi kubwa unayoipenda, na ina nini cha ajabu?" Yangu ni 4,294,967,297.

Kuipata ni rahisi. Anza na 3. Toa 1, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe, kisha rudisha ile 1: unapata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo: 4 mara 4 ni 16, na 1, ni 17. Inafuata 257, halafu 65,537. Zote tano ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hatua inayofuata ndiyo namba yangu.

Pierre de Fermat, jaji wa Toulouse huko Ufaransa aliyefanya hisabati kwa kujifurahisha, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini kila namba ya mlolongo huu ni tasa. Uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa kazini St. Petersburg, akaonyesha kwamba hii ya sita ni 641 mara 6,700,417. Shika kalamu uhakikishe: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200; mara 41 ni 274,717,097. Jumlisha.

Baadaye Euler alieleza njia ya mkato. Namba tasa yoyote inayoigawanya namba hii lazima ukiitoa 1 ibaki kitu kinachogawanyika kwa 64. Ukianza chini kupanda juu, tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Basi! Nne za mwanzo zinaacha baki, ya tano inaingia sawasawa.

Hapo ndipo ninapomshangaa Fermat. Hata bila mkato, ukijaribu tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2, hiyo 641 ni ya 116. Kugawanya mara 116 kwa mkono kunachosha, sikatai, lakini si kazi ya kumshinda mtu wa aina yake. Tena mwaka uleule wa 1640 alitumia mkato wa jamii hiyohiyo kugundua kwamba 223 inagawanya namba nyingine kubwa, ile ya 2 kwa kipeo cha 37 ukitoa 1. Zana alikuwa nazo mkononi. Nadhani aliipenda mno kanuni yake.

Mlolongo wenyewe haukutupwa. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, aliutumia kuonyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari tu. Ila tangu 65,537 haijapatikana tasa nyingine humo.

Mwenye hamu aendelee hatua moja: atapata 18,446,744,073,709,551,617. Inagawanyika kwa 274,177, jambo alilolibaini Mfaransa Fortuné Landry mwaka 1880, na kompyuta hakuwa nayo.