Pasi ya mvuke inatema maji ya kahawia: anzia kwenye maji, si dukani

Swali: Asalaam aleikum, fundi. Niko Langoni, Lamu. Pasi yangu ya mvuke haijatimiza mwaka. Mwanzo ilikuwa ikitoa chembe nyeupe, sasa inatema maji ya kahawia, na juzi imeitia madoa kanzu nyeupe ya mume wangu aliyokuwa aende nayo Ijumaa. Maji ninayotia ni ya bomba. Jirani mmoja ananiambia nijaze siki kwenye tangi, mwingine anasema ndimu. Nifuate la nani? Na yale madoa ya kanzu yatatoka?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Usiitupe pasi bado, wala usimfuate jirani yeyote kati ya hao wawili mpaka tujue kilichomo ndani.

Maji ya mji wa Lamu yanatoka visima vya kwenye michanga ya Shela. Maji ya ardhini huku pwani, yakipita kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, hubeba chokaa iliyoyeyuka. Ukiyatazama kwenye gilasi huioni. Lakini ndani ya pasi, juu ya kile chuma cha chini, kuna chumba kidogo ambamo maji hudondoka tone kwa tone juu ya joto kali. Maji yanatoka kuwa mvuke, chokaa inabaki. Tone juu ya tone, wiki juu ya wiki, chumba kinafanya ukoko. Zile chembe nyeupe ulizoziona mwanzo ni madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za mtaa wa Mkomani, hapo hapo Lamu.

Rangi ya kahawia ni hatua ya pili. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ikikaa ndani ya chuma chenye joto na unyevu huleta kutu. Changanya na nyuzi za nguo na wanga wa kunyooshea kanzu vilivyoungua kwenye matundu, ndiyo hayo yaliyomwagika. Iwapo siku moja pasi itadondosha maji safi yasiyo na rangi, hilo ni jambo jingine: joto halitoshi. Mvuke unataka alama ya nukta mbili au tatu kwenye kidude cha kuzungushia joto. Kwenye nukta moja chuma huwa kwenye nyuzi 110 hivi, na maji mengi huteremka kabla hayajawahi kugeuka mvuke.

Sasa usafishaji. Pasi nyingi za mvuke zina kitufe au alama ya kujisafisha. Jaza tangi maji safi, washa mpaka joto la juu kabisa, subiri taa izimike, iwake tena, izimike mara ya pili. Chomoa waya kwenye soketi. Hili la kuchomoa usilipuuze. Ishike pasi ikiwa imelala juu ya karai au sinki, mikono mbali na mvuke, kisha bonyeza kitufe hicho huku ukiipeleka mbele na nyuma taratibu. Vitatoka maji yanayochemka, mvuke, na vipande vya ukoko, vingine vya ukubwa wa punje ya mchele. Watoto wasiwe karibu. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Kwa pasi iliyofikia hali ya yako, mara moja haitoshi. Ukimaliza, iwashe tena, upige pasi shuka kuukuu ili kilichobaki kwenye matundu kiishie huko, si kwenye kanzu.

Kama haina alama hiyo, fanya vivyo hivyo kwa kuweka mvuke kwenye kiwango cha juu kabisa. Baadhi ya pasi, za Tefal kwa mfano, zina kijiti cha vali kinachochomolewa juu, karibu na mdomo wa kutilia maji. Kiloweshe kwenye siki nyeupe kwa muda wa saa nne, kisugue, kisuuze na ukirudishe. Pasi isitumike bila kijiti hicho.

Siki ndani ya tangi? Watengenezaji wengi wanaikataza, na mimi nawaunga mkono. Asidi haiishii kwenye chokaa. Inagusa mipira ya kuzuia maji na chuma chenyewe, na ikiwa tangi limejaa siki tupu pasi inaweza kuvuja baada ya muda, tena mahali pasiporekebishika. Kitabu cha pasi yako kikiruhusu, fuata kipimo chake. Kisiporuhusu au kikiwa kimepotea, siki ibaki nje. Lowesha kitambaa cha pamba kwa siki nyeupe, kitandaze, ilaze pasi ikiwa baridi na haina umeme kwa nusu saa. Ukoko wa midomo ya matundu utalainika, kisha uutoe kwa kijiti cha mbao. Pini na sindano hapana, zinakwaruza.

Ndimu ndiyo mbaya zaidi kuitia ndani. Maji ya ndimu yana nyama na sukari, hata ukiyachuja. Vikikutana na chuma cha moto vinaungua na kuganda, na utakuwa umeongeza uchafu mwingine wa kahawia. Vivyo hivyo marashi. Najua nyumba za Lamu zinavyopenda nguo inukie, na ni jambo zuri, lakini marashi ya mawaridi mahali pake ni kwenye nguo iliyokwisha kupigwa pasi, au ifukize udi. Tangi lipate maji tu.

Maji gani basi? Ya mvua ni mazuri sana, kwa sharti moja: acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na chumvi ya upepo wa bahari juu ya paa, kisha kinga kwenye ndoo ya plastiki na uyachuje kwa kitambaa safi. Usiyachote kwenye jabia lililopigwa chokaa, maana maji laini, yaani yasiyo na chokaa, yakikaa humo huanza kuyeyusha chokaa ya ukuta. Changanya nusu ya mvua na nusu ya bomba, inatosha. Kuchemsha maji ya bomba na kuyaacha yatulie hupunguza sehemu ya chokaa, lakini chumvi inabaki pale pale. Maji yanayodondoka kwenye eyakondishena yaache, yana vumbi na uchafu wa mabomba yake. Na ukienda kununua maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa yakaacha madini nyuma, kwenye duka la vifaa vya magari, soma kibandiko kwa makini: kinachoitwa maji ya betri kwa mdomo kinaweza kuwa asidi ya betri, na asidi hiyo inaunguza ngozi na macho.

Tabia nitakayokuomba uishike kuliko zote ni kumwaga maji kila umalizapo, pasi ikiwa bado na moto lakini imechomolewa, kisha uisimamishe ipoe. Joto lililobaki litaukausha ule unyevu wa ndani. Ukiendelea na maji ya bomba, isafishe pasi kwa njia ile kila wiki mbili.

Uso wa chini, kama una wanga ulioungua, futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo pasi ikiwa baridi. Ikiwa ni kipande cha buibui kilichoyeyuka, pasha kidogo tu mpaka kilegee, chomoa, kisukume kwa mwiko wa mbao. Chumvi na sufi ya chuma zinaharibu nyuso zenye rangi ya kuzuia kunata.

Kagua pia waya pale unapoingia kwenye pasi. Pasi ya wati 2,400 kwa umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 10, mzigo mkubwa kwa waya uliopasuka au ekstensheni nyembamba. Ukihisi umeme unakutekenya mkononi, au maji yakitoka kwenye maungio ya plastiki, hapo usafi haufai kitu. Mpe fundi.

Kanzu yako: usiitie jiki. Klorini iliyomo hukaza doa la kutu. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi laini, ianike juani saa moja au mbili huku ukiiongeza ndimu isikauke, kisha isuuze vizuri na uifue kama kawaida. Doa lisipoisha, rudia. Usiipige pasi mpaka doa liwe limetoka lote, kwani moto hulifanya likae.